Mbuyu kukosa mabuyu, si lazima uwe "dume"

Dhana: "Huu mbuyu ni dume, ndo maana hauzai."

Hii nimeisikia tangu mdogo na bado inaniuma nikimsikia mtu anataka kuukata kwa sababu hiyo. Mibuyu haina dume na jike, kila ua lina vyote viwili. Sababu za kutozaa ziko kadhaa ila moja watu wanaisahau kabisa, muda. Ua la mbuyu linafunguka jua likizama, jeupe, limening'inia kichwa chini, lina harufu kama ya kitu kimechacha, na kazi yake ni usiku huo mmoja tu, kesho yake limeshanyauka linageuka kahawia. Popo wanakuja kunywa maji yake matamu, wanapakaa chavua usoni na kifuani, wanaenda nayo mti mwingine. Sasa chavua ya mti huohuo kwa kiasi kikubwa haishiki, lazima itoke mbuyu mwingine, kwa hiyo wako ukichanua wiki ambayo wenzake hawana ua hata moja, au wa jirani ulishakatwa, popo watakuja na kushiba vizuri tu ila mabuyu huyaoni. Kabla ya kushika shoka tembea jioni uangalie mibuyu ya karibu kama nayo ina maua.

Dhana: "Mvua ikishanyesha miti inachanua tu, saa haina maana."

Ina maana sana jamani! Kule Mkomazi, Tanzania, watafiti walifuatilia migunga ya aina tofauti inayochanua pamoja na kugombania nyuki walewale, matokeo yakatoka 1998: kila aina ina saa yake ya kutoa chavua, nyingine mapema, nyingine jua likishapanda, na nyuki wanahama nayo. Chavua ya mgunga haimwagiki kama unga, imegandana vidonge vidogo sana, na pale ua linapoipokea pana nafasi ya kidonge kimoja, kikiwahi cha mgunga wa aina nyingine ndo basi tena.

Dhana: "Anayewahi kuchanua ndo anapata mbegu nyingi."

Inategemea. Ukiwahi mno wenzako hawajachanua, ukichelewa kiangazi kinakukuta mbegu hazijajaa. Ila kuna mimea inayowahi ikapona kweli, kwa sababu wadudu wanaotoboa mbegu wanakuwa bado hawajawa wengi.