Programu ya hesabu haimwachishi mhasibu kazi

Ujumbe huu huzunguka sana kwenye magrupu ya wafanyabiashara wa Nairobi: nunua programu ya hesabu, mhasibu wa nini tena? Si kweli. Programu hujumlisha inacholishwa tu. Shemeji akikutumia karo kupitia till ya duka (namba ya kupokea malipo ya wateja kwa simu), huenda ikaandikwa mauzo. Mkate wa kawaida hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 0; ukiuingiza kwa asilimia 16 ya bidhaa nyingine nyingi, programu nyingi zitakubali bila kuuliza.

Jipime: chukua taarifa ya till ya mwezi mmoja, uangalie kama kila malipo yaliyoandikwa mauzo kwenye programu ni mauzo kweli. Makosa utakayoona ndiyo kazi ya mhasibu; na kama bado hujanunua programu, ni heri umwite kwanza. Watu huchanganyikiwa kwa sababu kujumlisha, kazi waliyokuwa wakiiona, kweli imechukuliwa na kompyuta.

Ukiupata ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.