Iringa chakula kipo, mbona watoto wamedumaa? Umaskini wa mtoto unavyopimwa, kuanzia mkoa mpaka kijiji

Kila majedwali ya umaskini ya mikoa yakitoka, simu zinaanza kwetu sisi watu wa takwimu. Diwani anataka asilimia ya kata yake, mtu wa shirika anataka "idadi ya watoto maskini wilayani" aweke kwenye andiko la mradi, na kwenye magrupu ya WhatsApp watu washaanza kutambiana, mkoa wenu maskini, sisi huku tuko vizuri. Malalamiko yamekuwa mengi mpaka nimeona bora niandike mara moja, maana ukiyachuja yote unakuta ni mawili tu: watu wanadhani umaskini wa mtoto ni pesa ya baba yake, na wanadhani namba ya mkoa ni namba ya kijiji chao.

Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa 2022 ulikuta udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, kwa watoto chini ya miaka mitano nchini ni asilimia 30. Iringa ikawa asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Rukwa haikumshangaza mtu sana, kwa sababu Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 ulishaiweka juu kabisa Tanzania Bara kwa umaskini wa mahitaji ya msingi, asilimia 45. Lakini Iringa na Njombe? Mahindi, viazi, maharage, maparachichi, mbao, watu wanajenga nyumba za maana. Hapo ndo tukaambiwa takwimu zimepikwa.

Hazijapikwa jamani. Ni vipimo viwili tofauti, kila kimoja kinapima kitu chake.

Kipimo cha pesa kinaangalia kaya. Wadadisi wanakaa na kaya siku 14 wanaandika kila kilicholiwa na kila kilichonunuliwa, hata kile kilichotoka shambani kwako kinapewa thamani yake, halafu matumizi yale yanagawanywa kwa idadi ya watu huku mtoto akihesabiwa kama sehemu tu ya mtu mzima, na matokeo yanalinganishwa na mstari. Mstari wa 2017/18 ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Chini ya hapo kaya nzima ni maskini, juu ya hapo kaya nzima sio maskini, na kwa Tanzania Bara walioangukia chini walikuwa asilimia 26.4. Narudia, tunapima matumizi, sio kipato, kwahiyo yule anayenipigia kusema "mimi sina mshahara kwanini mmeniweka juu ya mstari" naomba asome tena hapo juu.

Sasa kipimo hiki kinadhani kaya ikila basi wote wamekula sawa. Mtoto wa miezi tisa hali ugali na maharage ya kaya, anahitaji kulishwa chakula laini cha mchanganyiko mara kadhaa kwa siku na mtu mwenye muda. Mama akitoka alfajiri kwenda shamba na kurudi jioni, mtoto akaachiwa uji wa mahindi mtupu, ghala linaweza kuwa limejaa na mtoto akadumaa vilevile. Hiyo ndo moja ya sababu zinazotajwa sana kwa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, pamoja na maradhi ya kuhara na lishe duni ya mama mwenyewe kabla na wakati wa ujauzito. Jedwali la matumizi ya kaya haliwezi kukuonesha hilo, halikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Mfano mwingine ambao watu hawaupendi ni binti wa miaka 15 anayefanya kazi za ndani kwenye nyumba ya geti Dar es Salaam. Kwa taratibu za dodoso, kama analala pale na kula pale, yeye ni mwanakaya wa nyumba ile. Kwenye kipimo cha pesa binti huyo sio maskini, tena yuko kwenye kundi la juu kabisa! Kwenye kipimo cha mtoto mwenyewe anaonekana hayuko shule, anafanya kazi kwa saa nyingi, na hapo tayari ana upungufu kwenye elimu na kwenye ulinzi.

Ndo maana kukawa na kipimo cha pili, tunachoita umaskini wa nyanja nyingi. Hapa anahesabiwa mtoto, sio kaya. Nyanja ni lishe, afya, elimu, ulinzi, maji, choo, makazi, upatikanaji wa habari. Kila umri una maswali yake maana huwezi kumuuliza mtoto wa mwaka mmoja kama amefika darasa linalolingana na umri wake, wala huna haja ya kumuuliza kijana wa miaka 16 kama amemaliza chanjo ya surua. Mtoto akikosa nyanja tatu au zaidi anahesabiwa kuwa kwenye umaskini. Uchambuzi wa namna hii uliotolewa 2016 kwa kutumia data za 2012/13 ulikuta watoto asilimia 74 wako kwenye kundi hilo, wakati kwa pesa walikuwa kama asilimia 29.

Najua 74 inashtua. Kuna waliosema ni namba ya kuombea misaada. Kabla ya kukasirika uliza kigezo kimewekwa wapi: ukihitaji nyanja nne badala ya tatu namba inashuka, ukihitaji mbili inapanda, na ukibana tafsiri ya "maji salama" kwa kuongeza sharti la kwenda na kurudi ndani ya dakika 30, vijiji vingi vyenye kisima kizuri lakini cha mbali vinahamia upande wa pili wa jedwali bila mtu yeyote kuwa amechimba wala kufukia kitu. Namba ya nyanja nyingi bila kigezo chake msiitumie. Na msiweke ya 2012/13 na ya mwaka mwingine pamoja mkasema imepanda au imeshuka kama maswali hayakuwa yaleyale, hili nimeshalisema kwenye vikao mpaka nimechoka.

Sasa suala la kata na vijiji.

Utafiti wa 2017/18 ulilenga kaya 9,552 kwenye maeneo ya kuhesabia watu 796, yaani kaya 12 kila eneo. Utaratibu uko hivi. Maeneo yanachaguliwa kutoka kwenye fremu ya sensa, yaani orodha ya maeneo yote ya kuhesabia watu, mkoa kwa mkoa, mjini na kijijini tofauti. Timu ikifika inaripoti kwanza wilayani, inaenda kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, halafu kwa mwenyekiti wa kitongoji ambaye ndo anatembea nao kwenye mipaka. Kaya zote za eneo zinaorodheshwa upya kwa sababu watu wamehama, wamekufa, wamejenga. Tuseme zimepatikana kaya 96, unagawa kwa 12 unapata 8, unachagua namba ya kuanzia kwa bahati nasibu kati ya 1 na 8, halafu unaruka nane nane mpaka zitimie. Mwenyekiti hachagui. Mdadisi hachagui. Ukiwa hupo wanarudi tena, na ukikosekana kabisa hairuhusiwi mdadisi kuingia kwa jirani kwa sababu mlango uko wazi na mama mwenye nyumba ni mkarimu. Kwahiyo kaya yako kutofikiwa sio kubaguliwa, na mwenyekiti msimwandame.

Gawanya maeneo 796 kwa mikoa 26 ya Bara, ni kama maeneo 30 kwa mkoa, kaya 360 hivi. Mkoa wenye wilaya saba unabaki na kaya kama 50 kila wilaya. Kwenye kaya 50 kila kaya moja ni asilimia mbili nzima. Ukiniambia wilaya yako ina asilimia 30, kwa sampuli hiyo ukweli unaweza kuwa 15 au 45 na wote tukawa sahihi. Msinijie na hoja kwamba watoto ni wengi kuliko kaya, eti kaya 50 zina watoto 150 basi sampuli imekua. Watoto watatu wa nyumba moja wanachota maji kisima kimoja na wanatumia choo kimoja, huo ni ushahidi wa nyumba moja. Mkoa tunausemea, tena kwa kutaja kiwango cha makosa. Wilaya kwa tahadhari kubwa. Kata hapana, na anayekuonesha jedwali la kata lililotoka moja kwa moja kwenye utafiti wa sampuli muulize amelitoa wapi.

Ipo njia ya kushuka chini lakini ina hatua zake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 na imegusa kila kaya, tatizo haikuuliza matumizi ya pesa kwa undani maana ingechukua mwaka. Iliuliza paa, sakafu, ukuta, choo, maji, nishati ya kupikia, elimu ya mkuu wa kaya. Tafiti ndogo nazo zinauliza vitu hivyohivyo pamoja na matumizi. Tunachofanya ni kutafuta kwenye utafiti uhusiano kati ya vitu hivyo na matumizi, halafu uhusiano ule tunaupeleka kwenye sensa kaya kwa kaya, tunajumlisha kwa wilaya, hata kwa kata. Unaitwa ukadiriaji wa maeneo madogo. Ni makadirio ya modeli, na kila namba inakuja na kosa lake pembeni, ukiona ramani imepakwa rangi nzuri bila safu ya makosa, hiyo ni picha ya ukutani tu. Na modeli inakosea sehemu ambapo mambo hayafuati mazoea: eneo lenye machimbo mapya watu wana pesa lakini bado wanakaa kwenye maturubai, au eneo la wafugaji ambapo utajiri una miguu minne na dodoso linahesabu sakafu ya saruji.

Udumavu ndo mgumu zaidi, kwa sababu sensa haikupima urefu wa mtoto yeyote. Halmashauri nyingi zinachukua takwimu za kliniki, ni sawa, ziko mpaka ngazi ya kituo na zinatoka kila mwezi. Ila zinahesabu waliokuja. Mtoto aliyefichwa ndani kwa sababu ya ulemavu, au anayeishi kilomita nyingi kutoka zahanati, hayumo, na huyo ndo tulikuwa tunamtafuta. Vilevile tafiti za kaya zinawaacha watoto wa mitaani na walioko kwenye makao ya kulelea watoto, kwa sababu hawana kaya. Kwahiyo mji unaweza kutoka vizuri kwenye jedwali huku stendi imejaa watoto usiku. Hilo ni pengo la kweli na wanaolisema wana haki.

Kuna hili la kulinganisha asilimia bila watu. Kwa umaskini wa pesa, Dar es Salaam kwa 2017/18 ilikuwa asilimia 8 tu. Ukichukua asilimia hiyo kwa watu 5,383,728 wa sensa ya 2022, kwa mfano tu maana miaka sio mmoja, unapata zaidi ya watu laki nne. Rukwa asilimia 45 kwa watu 1,540,519 ni karibu laki saba. Asilimia zimepishana zaidi ya mara tano, watu hawajafika hata mara mbili. Mgao wa vifaa ukifuata asilimia peke yake, mtoto wa uswahilini Tandale anasahaulika kwa kosa la kuzaliwa karibu na matajiri wa Masaki.

Nije kwenye TASAF, mfuko unaotoa ruzuku kwa kaya maskini, maana hapa ndo kuna kelele. Watu wanaficha pikipiki mdadisi akija, wanatoa godoro nje, wanasema watoto ni tisa, eti waingizwe kwenye ruzuku. Wengine wanasema wametolewa kwa sababu walijibu ukweli. Hapana! Walengwa wa TASAF wanapatikana kwa utaratibu wao, mkutano wa kijiji au mtaa unataja kaya, halafu kaya zinajaza dodoso lao lenyewe. Dodoso letu halina njia ya kwenda huko, sheria hairuhusu. Unachofanya ukidanganya ni kuharibu namba ya mkoa wako, basi.

Na sheria yenyewe, Sheria ya Takwimu Sura ya 351, inagusa pande zote. Taarifa za mtu mmoja mmoja ni siri na hazitolewi kwa TRA, polisi, mkuu wa wilaya wala kwa mumeo. Mfanyakazi wa takwimu akizivujisha ametenda kosa. Mtu anayejifanya mdadisi ili aingie majumbani ametenda kosa. Mtoa taarifa anayekataa bila sababu ya msingi au anayetoa uongo kwa makusudi naye yuko kwenye kosa, na adhabu ni faini au kifungo au vyote kwa pamoja kulingana na kosa, mahakama ndo inaamua. Sisemi haya kutisha mtu, tunapenda zaidi kuelewana mlangoni. Wanaokusanya takwimu zao wenyewe, mashirika na vyuo, marekebisho ya 2019 yalilegeza masharti ya kuchapisha, lakini eleza njia uliyotumia na ukubwa wa sampuli, usichukue vijiji vitatu ukaandika "mkoa".

Kama wewe ni diwani au mtendaji unataka kujua hali ya watoto kwenye kata yako, usisubiri asilimia kutoka Dodoma. Zunguka na orodha ya kaya uliyonayo ofisini, weka majina ya watoto wenye umri wa shule ambao hawapo shuleni, wasio na cheti cha kuzaliwa, wanaotumia choo cha shimo kisicho na sakafu, waliokosa kliniki miezi mitatu. Hiyo sio takwimu rasmi na usiitangaze kama takwimu rasmi, ni orodha ya kazi. Ukihitaji namba za wilaya kwa ajili ya mpango au bajeti, andika barua kupitia kwa mkurugenzi wa halmashauri, taja kiashiria unachotaka, mwaka, kundi la umri na matumizi yake. Barua inayosema "naomba takwimu za umaskini" inarudi.