Nota moja ya chini: kwaya ya Kiyidishi isiyomchuja mtu

Kila Jumatatu jioni nasimama mbele ya watu wapatao arobaini katika ukumbi mmoja wa mtaa hapa Toronto, tunajifunza nyimbo za Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Baadhi yao ni Wayahudi waliozisikia kwa bibi zao. Wengine hawana nasaba wala dini inayowaunganisha nazo, wamezipenda tu. Wamo wanaosoma nota kama gazeti, na wamo ambao hawajawahi kushika karatasi ya muziki. Hatumpimi mtu sauti kabla ya kumpokea. Mimi nimelelewa na kwaya ya kanisa Tanga, na walimu wenzangu wa nyumbani huniuliza swali lile lile: kwaya isiyochuja itaimbaje ikasikilizika?

Kwanza, nyimbo zenyewe hazikutungwa na waliochujwa. Mordechai Gebirtig, ambaye kwangu mimi hana mfano kati ya watunzi wa Kiyidishi, alikuwa fundi seremala wa Kraków, Poland. Hakusomea muziki. Alikuwa akitafuta sauti kwenye filimbi ya wachungaji, na rafiki zake ndio waliomwandikia nota. Wanazi walimuua katika geto la mji wake, mtaa walimofungiwa Wayahudi, tarehe 4 Juni 1942. Kila ninapofungua wimbo wake nakumbuka kwamba mtu huyu, kwa masharti ya kwaya nyingi za leo, angeishia mlangoni.

Kwaya nazo zilikuwa za wafanyakazi. Wayahudi waliohamia Amerika Kaskazini kutoka Ulaya Mashariki walishinda kwenye cherehani mchana, jioni wakaimba. Chicago walianza mwaka 1914, New York mwanzoni mwa miaka ya 1920, na hapa Toronto 1925. Hii ya Toronto ndiyo ambayo Paul Robeson, Mmarekani mweusi mwenye besi ya kutikisa madirisha, aliwahi kuimba nayo. Waliimba kwa sauti nne, kazi ndefu na ngumu. Kwa hiyo mlango kuwa wazi si huruma tuliyoizua sisi.

Kazi ipo, tena nyingi, ila inamwangukia mwalimu. Nyimbo nyingi za Kiyidishi hutembea kwenye ngazi ya sauti inayoitwa freygish. Anza na mi. Fa iko jirani, nusu hatua tu. Kisha sauti inaruka hatua moja na nusu hadi sol iliyopandishwa, halafu inatulia kwenye la. Msikilizaji wa taarabu ataitambua mara moja, maana mpangilio huo ndio wa maqamu ya Hijazi, ngazi ya muziki wa Kiarabu. Mara ya kwanza kuisikia huku ugenini nilisimama nikakumbuka redio ya mama jikoni. Lakini aliyezoea tenzi za kanisa huuogopa ule mruko: fa anaipandisha kidogo, sol anaishusha kidogo, na utamu wote unayeyuka.

Dawa yake ni nota ya kushikilia. Sauti ya nne wanabaki kwenye mi, hawaondoki, na wengine wanapita juu yake. Sikio likiwa na sakafu, mruko hauogopeshi tena. Na nota hiyo ndiyo nafasi ya wale wanaosema hawajui kuimba.

Alikuja mzee mmoja, fundi bomba mstaafu. Akaniambia kwamba alipokuwa mtoto mwalimu wake alimwamuru afumbue mdomo tu, asitoe sauti. Alikuwa hajaimba mbele ya watu kwa zaidi ya miaka hamsini. Sikumpa nota. Nilimwomba atoe sauti yoyote aliyonayo, ikatoka nzito, mahali fulani kati ya re na mi. Nikawaambia wote arobaini: ingieni hapo hapo alipo. Wakaingia. Akanyamaza ghafla, akashika kiti, kisha akairudia ile sauti, safari hii kwa nguvu. Kutoka hapo tulipanda naye taratibu, kidogo kidogo kila juma. Juma la saba akaishika mi, hakuiachia mpaka wimbo ukaisha.

Lugha ina mambo yake. Mifupa ya Kiyidishi ni ya Kijerumani, ndani mna Kiebrania na Kislavi, na huandikwa kwa herufi za Kiebrania kama Kiswahili kilivyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Karatasi zetu zina mistari mitatu: herufi zenyewe, matamshi kwa herufi za Kilatini, na maana. Matamshi tunayaandika kwa utaratibu wa YIVO, taasisi iliyoanzishwa Vilnius mwaka 1925, na Mswahili ana bahati hapo: a, e, i, o, u zinasomeka karibu kama zetu, na kh ni ile ya kheri. Kinachotushinda ni miisho. Freylekh, yaani mwenye furaha, linafungwa na kh, na ulimi wetu unataka kuongeza irabu.

Halafu lahaja. Neno la nzuri ni gut kwa waliotoka Lithuania, git kwa waliotoka Poland, mfano wa njoo ya Unguja na ndoo ya Mvita. Kwaya ikichanganya u na i kwa pamoja, sauti inachafuka. Nimeamua hivi: wote wakiimba pamoja ni gut, lakini anayepewa ubeti peke yake aimbe Kiyidishi cha kwao. Sitamfuta mtu bibi yake mdomoni.

Mengine ni maandalizi: maandishi makubwa, rekodi ya kila sauti kwa wanaojifunza kwa kusikia, viti kwa wasioweza kusimama, ukumbi usio na ngazi.

Jumatatu hii yule fundi bomba amekuja na jirani yake, ambaye anasema yeye hawezi kabisa. Nimewaweka pamoja mstari wa nyuma, karibu na kinanda.