Kuboresha picha za tovuti kwa injini za utafutaji: maana yake hasa ni nini

Ukimwambia mtu «boresha picha», atadhani unataka aing'arishe: aongeze mwanga, akate pembeni, arekebishe rangi. Kwenye mambo ya tovuti maana ni nyingine. Picha inaweza kubaki vilevile machoni, ila faili lake likawa jepesi zaidi na pembeni yake pakawa na maneno yanayosema ni picha ya nini. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na hufanywa ili injini ya utafutaji kama Google au Bing iipate picha, iielewe, kisha imletee anayetafuta kitu cha aina hiyo.

Chombo kikuu cha kazi hii, yaani maneno mbadala ya picha, ni kikongwe kuliko Google. Marc Andreessen alipendekeza lebo ya kuweka picha kwenye ukurasa wa wavuti mwaka 1993, wakati ambapo vivinjari kama Lynx vilionyesha maandishi peke yake. Anayetumia kivinjari cha namna hiyo angeona nini pale penye picha? Ndiyo maana toleo la pili la HTML, lugha inayoandikiwa kurasa za wavuti, lililotoka 1995, likawa na sifa iitwayo «alt»: maneno mbadala ya kusomwa picha isipoonekana. Google ilianzishwa 1998, na utafutaji wake wa picha ukafuata 2001. Eric Schmidt, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo, ameeleza kwamba kilichowasukuma ni gauni la kijani alilovaa Jennifer Lopez kwenye tuzo za Grammy za mwaka 2000: watu walilitafuta kwa wingi mno, na injini ikawa inawapa viungo vya maandishi ilhali walichotaka ni kuliona gauni.

Kwa hiyo maneno mbadala yalitungwa kwa ajili ya mtu asiyeiona picha. Mpaka leo asiyeona hutumia kisoma skrini, programu inayomsomea ukurasa kwa sauti, na ikifika kwenye picha husoma maneno hayohayo. Injini ya utafutaji ilikuja baadaye ikanufaika nayo. Ni kweli kwamba siku hizi mashine hutambua vilivyomo ndani ya picha, na Google hulinganisha inachokitambua na maneno mbadala pamoja na maandishi ya ukurasa. Lakini mashine ikishajua kwamba hii ni baiskeli, bado haijui wewe umeiweka hapo kwa sababu gani.

Chukua picha ya fundi anayetengeneza mnyororo wa baiskeli. Ukiandika «baiskeli» tu, umesema kidogo mno. Ukiandika «baiskeli, baiskeli nzuri, nunua baiskeli, baiskeli za watoto», umeharibu kabisa: huko ni kulundika maneno, Google hukuonya usifanye, na mtu anayesomewa kwa sauti utakuwa umemtesa bure. Andika «Mikono ya fundi ikiunganisha mnyororo wa baiskeli uliokatika». Picha hiyohiyo ikitumika kwenye ukurasa unaohusu glovu za kazi, maneno yabadilike: «Glovu nyeusi za fundi zilizoacha ncha za vidole wazi». Mimi hujiuliza ningesema nini kama ningekuwa namsomea mtu ukurasa huo kwa simu, basi hicho ndicho ninachokiandika. Na kama ni pambo tu, mstari au ua la kujazia nafasi, sifa ya alt iwepo ila iachwe tupu, ili kisoma skrini kiruke. Ukiiondoa kabisa, baadhi ya visoma skrini vitaanza kumsomea msikilizaji jina la faili, herufi na tarakimu zote.

Jina la faili nalo husaidia, ingawa kwa kiasi kidogo. «mnyororo-wa-baiskeli.jpg» ni bora kuliko «IMG_4821.jpg», na maneno yatenganishwe kwa kistari cha kati, si kile cha chini. Lakini usirudi kubadili majina ya picha mia tatu za zamani. Utavunja viungo na kuifanya injini ianze kuzisoma upya, kwa faida ndogo sana. Yenye nguvu zaidi ni maandishi yaliyo karibu na picha: kichwa cha sehemu, aya inayoizungumzia, maelezo mafupi chini yake.

Upande wa pili ni uzito, na hapa hesabu inasema yenyewe. Picha ya simu yenye pikseli (nukta ndogo za rangi zinazounda picha) 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12. Ikionyeshwa kwenye nafasi ya 800 kwa 600, zinazohitajika ni 480,000, yaani sehemu moja ya 25. Zilizobaki msomaji anazilipia kwa data yake na kwa muda wake, bila kuziona. Punguza vipimo kwanza, ndipo ufikirie aina ya faili: JPEG yatosha kwa picha za kawaida, WebP na AVIF huwa nyepesi zaidi, SVG hufaa nembo na michoro. Google huhesabu pia kasi katika kupanga matokeo, na kipimo chake kimoja hutaka kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Mara nyingi kitu hicho ni picha.

Hapo wengi hujikwaa kwa kuzidisha. Wakisikia kwamba picha inaweza kucheleweshwa mpaka msomaji aikaribie, wanazichelewesha zote, hata ile ya juu kabisa anayoisubiri. Hiyo ya juu ipakiwe mara moja. Za chini ndizo zingoje. Andika pia upana na urefu wa kila picha kwenye msimbo wa ukurasa, kivinjari kiitengee nafasi mapema, la sivyo maandishi yatarukaruka huku mtu anasoma.

Mambo mawili ya mwisho hupuuzwa sana. Picha iliyowekwa kwa CSS, lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa, kama mandhari ya nyuma Google haiiingizi kwenye matokeo yake ya picha, hivyo iliyo na maana iwekwe kwa lebo ya kawaida. Na tangazo lililochorwa lote ndani ya picha, pamoja na tarehe na mahali, liandikwe pia kama maandishi kwenye ukurasa.

Ukitaka kujua tovuti yako imesimama wapi, zima picha kwenye mipangilio ya kivinjari kisha usome ukurasa mmoja toka juu hadi chini. Utakapokwama, usijue kilichokuwa hapo kilikuwa nini, anzia hapo.