Jogoo hana kosa jamani

Juzi kanipigia simu mama mmoja wa huku Wete, rika la mama yangu mzazi, hata shikamoo yangu hajaitikia vizuri keshaanza: "Mwanangu daktari, nitafutie jogoo mwengine, huyu wangu simtaki, ananipa majogoo matupu." Kuulizia, tetea wake katotoa vifaranga 13, wawili wakachukuliwa na mwewe, waliobaki 11 wamekua na sasa panga nyekundu zishaanza kuwatoka vichwani, anahesabu majogoo 9, matetea 2. Na yeye anafuga kwa ajili ya mayai. Hasira zake nilizielewa.

Mimi kazi yangu mifugo, nazunguka na pikipiki vijiji vya kaskazini Pemba, na hii lawama ya jogoo naisikia kila pembe. Kwa hio leo naiandika mara moja vizuri, akinipigia mwengine namtumia linki basi.

Ndani ya karibu kila seli ya mwili mna vitu kama nyuzi vinaitwa kromosomu, ndimo yalimoandikwa maagizo ya kiumbe awe vipi. Zinakaa jozi jozi, moja imetoka kwa baba moja kwa mama. Binadamu anazo 46, ng'ombe 60, mbuzi nae 60, na kuku huyu huyu tunaemfukuza jikoni na upawa anazo 78. Sasa katika hizo kuna jozi moja ndio ya jinsia. Kwetu sisi, na ng'ombe, mbuzi, paka, jike ana X mbili na dume ana X na Y. Jike hana la kuchagua, kila yai lake lina X. Dume ndio mbegu zake nusu zina X nusu zina Y, ikitangulia ya Y anazaliwa dume, ikitangulia ya X anazaliwa jike. Kwenye hio Y kuna jeni moja, yaani agizo moja katika yale maagizo (nasema jeni, si jini, hapa Pemba lazima nifafanue), inaitwa SRY, imegunduliwa 1990, ndio inayoamuru korodani zianze kujengeka mtoto akiwa bado tumboni. Kwa hio yule bwana anaemnunia mkewe kisa wanazaliwa wasichana watupu akajitazame kwenye kioo kwanza. Haya, nishasema, turudi bandani.

Kwa ndege mambo yako kinyume, mpaka wataalamu wakabadilisha na herufi watu wasichanganyikiwe, wakaziita Z na W. Jogoo ndie mwenye mbili zinazofanana, ZZ, tetea ana Z na W. Jogoo afanye atakavyo, apande atakavyo, mbegu zake zote zina Z tu, hana kitu chengine cha kutoa. Tetea ndie mwenye mayai ya aina mbili, yai likibeba Z kifaranga jogoo, likibeba W kifaranga tetea. Na ndege hawana SRY kabisa, wao wana jeni inaitwa DMRT1 ambayo imekaa kwenye Z, jogoo anayo mara mbili tetea anayo mara moja, na tafauti inaanzia kwenye kipimo hicho. Mwaka 2009 watafiti wa Australia waliipunguza nguvu jeni hio ndani ya mayai yenye vifaranga vya kiume, korodani zao zikaanza kujengeka kama ovari, ile sehemu ya jike inayotengeneza mayai.

Nikamweleza yule mama, akanambia "aa kumbe tetea ndie mwenye makosa!" Nae pia hana. Yeye hachagui, ni kama kurusha shilingi juu. Nilikaa nikapiga hesabu: vifaranga 11 wanaweza kupangika kwa njia 2,048, dume jike dume dume na kadhalika, na njia 134 kati ya hizo zinakupa 9 au zaidi wa jinsia moja. Yaani kama 1 katika kila 15. Ukiwa na majirani 15 kila mmoja katotoa 11, kwa wastani mmoja wao litamfika hili, la majogoo au la matetea, na wala hakuna mchawi.

Na lile la kuchagua mayai ya kuatamisha, ati lililochongoka ni jogoo la duara ni tetea, hilo nalo tuliwache. Jinsia ishaamuliwa kiini kinapotoka kwenye ovari, umbo linakuja baadae huko njiani yai likivaa ute na ganda.

Ila kuna kitu kimoja kwa kuku mimi hakinishi hamu. Tetea anaewika. Watu wakimsikia wanasema nuksi, kisu kinanolewa hapo hapo. Tetea anatumia ovari moja tu, ya kushoto, ya kulia imebaki kidogo haikukamilika. Ile ya kushoto ikiharibika, kwa uvimbe tuseme, homoni za kike zinashuka, na ile ya kulia baadhi ya wakati inaamka lakini inaamka kama korodani! Mayai yanakata, upanga unakua, siku moja alfajiri unasikia anawika. Ukipima kromosomu zake bado ni ZW vilevile.

Kwa ng'ombe nako kuna mtihani wa aina hio. Ukiletewa mtamba umuuze au umnunue, uliza kama kazaliwa pacha na dume. Mapacha hao tumboni mara nyingi mishipa yao ya damu inaungana, homoni za kaka zinapita kwa dada, na mitamba hio zaidi ya 9 katika 10 haishiki mimba maisha yake. Kwa macho unaona ng'ombe jike safi kabisa. Nimeshawahi kuitwa "kumtibu" mmoja aliepandishwa mwaka mzima, nikatizama tu nikasikitika, mana bei ishalipwa.

Halafu kuna ambao hata hio jozi hawana. Kasa wanaotaga kisiwani Misali, jinsia yao inaamuliwa na mchanga: kwenye nyuzi joto 29 hivi wanatoka nusu kwa nusu, mchanga ukizidi joto wanatoka majike, ukipoa madume. Utafiti uliotoka 2018 ulikuta kasa wachanga wa kaskazini ya miamba mikubwa ya Australia zaidi ya 99 katika 100 ni majike. Na wavuvi, yule pono mkubwa wa buluu mnaemgombania sokoni, mara nyingi kaanza maisha yake akiwa jike, kageuka ukubwani. Chewa pia. Hao nitawaandikia siku yao.

Basi yule mama nikamaliza kumweleza yote haya, dakika arubaini, salio lake, nikamwambia Bi mkubwa mrejeshe jogoo wako bandani umuombe radhi. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, yule tushamla Ijumaa na wali wa nazi. Mimi nimekwambia unitafutie mwengine."