Kuku watano uani hawafuti gharama ya mayai

Wengi mijini huamini kwamba anayefuga kuku watano wa mayai uani huacha kununua mayai na kubaki na akiba, kwa kuwa kuku hula makombo. Imani hiyo husahau kwamba kifaranga wa aina hiyo huanza kutaga akiwa na takriban wiki 18 hadi 20, na kwamba kabla ya yai la kwanza huwa ameshakula kilo saba hivi za chakula. Akishakomaa hula takriban gramu 120 kwa siku, yaani kuku watano humaliza karibu kilo 18 kwa mwezi, huku wakitaga, katika kipindi chao bora, trei nne hivi. Kabla ya kujenga banda, linganisha bei ya kilo hizo na bei ya trei nne sokoni kwenu.

Makombo ya ugali na wali hushibisha, lakini hayana protini wala chokaa ya kutosha, hivyo utagaji hupungua na maganda huwa laini. Chanjo ya kideri nayo (ugonjwa wa virusi unaoua kuku kwa wingi), ile ya tone moja jichoni inayorudiwa kila miezi mitatu, mara nyingi huuzwa kwa chupa inayotosha kuku 100 au zaidi, na mwenye watano hulipia chupa nzima asipochangiana na majirani.

Kuku wa kienyeji anayejitafutia chakula hugharimu kidogo sana, ila hutaga mayai kumi na kitu kisha huatamia, na huko kuatamia humsimamisha kutaga kwa wiki kadhaa.