Ukipiga Kasia Jinja, Usimeze Kila Unachoambiwa

Mwongoza wageni asiye na maneno matamu hana kazi. Nalijua hilo wala silalamiki. Lakini mara tatu nimepiga kasia Jinja, Uganda, katika matembezi ya kayaki ya kuonyeshwa historia, pale Mto Nile unapoliacha Ziwa Victoria, na kila mara nimesikia mambo ambayo ukirudi nayo nyumbani utawafundisha watoto uongo. Mengine hata si ya waongozaji. Tunakwenda nayo sisi wenyewe, kutoka darasani au kwenye simu.

Kwanza jina. Wasoga, wenye ukingo wa mashariki, huuita mto huu Kiyira. Ukilitamka hilo jina ukiwa bado unavaa jaketi la kuokoa maisha, mwongozaji atakuangalia mara mbili na hadithi zitabadilika.

"Sijui kuogelea, hayo mambo si yangu"

Picha zinazosambaa ni za vijana wanaopinduliwa na maji ya kasi, wakiwa wamefungwa kiunoni ndani ya kijimtumbwi chembamba. Matembezi ya historia hayafanyiki huko. Hufanyika kwenye maji tulivu, kwa kayaki pana ya kukalia juu. Ikipinduka unaangukia nje, hakuna kinachokushika ndani. Jaketi livaliwe na vifungo vyote vifungwe, si kulitundika mabegani kama joho la bwana harusi. Asiyejua kuogelea aseme mapema ili apewe kayaki ya watu wawili, akae na mwenye uzoefu.

Na mamba? Wale wa kwenye video, waliojianika kwa makundi, wengi ni wa maporomoko ya Murchison, mbali kabisa, ng'ambo ya Ziwa Kyoga. Siapi kwamba huku juu hakuna hata mmoja. Muulize mtu wa pale. Ila mimi ninayemwogopa zaidi ni mdogo kuliko punje ya mchele. Kichocho kipo, na kinapenda hasa maji yaliyotulia karibu na majani ya ukingoni, wanakokaa konokono wake. Mgeni hukimbia mawimbi, kisha huenda kuoga palepale penye matete. Ukirudi nyumbani, wiki kadhaa baadaye, nenda ukapimwe. Dawa yake ni praziquantel, na hospitali za kanda ya ziwa zinaijua vizuri.

"Speke aligundua chanzo cha Nile hapa"

Hapa ndipo ninapochomoa kasia majini nibishane.

Ni kweli kwamba tarehe 28 Julai 1862 Mwingereza John Hanning Speke alisimama mbele ya maporomoko yaliyokuwa hapa, akayaita Ripon kwa heshima ya bwana mkubwa wa chama cha jiografia kule London. Neno linalopotosha ni "aligundua". Tusome aliyoyaandika mwenyewe: aliwakuta wavuvi wa Kisoga na Kiganda juu ya miamba, wana fimbo na ndoana mikononi, samaki wanaruka kwa maelfu, viboko na mamba wamelala majini, ng'ombe wanashushwa kunywa maji, na juu ya maporomoko kivuko kinavusha watu. Mahali penye kivuko hapagunduliwi, ndugu yangu. Hapo unapanga foleni.

Wala haikuwa mara yake ya kwanza kuuona mto. Wiki moja kabla alikuwa Urondogani, upande wa chini, baada ya kukaa miezi katika baraza la Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, akingoja ruhusa ya kupita. Ziwa lenyewe alikuwa ameliona tangu Agosti 1858, upande wa Mwanza. Na yule mwenzake, James Grant, ambaye watu humweka kwenye picha ya siku ile, hakuwepo. Alikuwa ameelekezwa Bunyoro.

Aliyekuwa katika msafara huo ni Sidi Mubarak Bombay. Huyu sisi wasemaji wa Kiswahili tulipaswa kumjua kuliko Speke. Alikuwa Myao, alitekwa utotoni akauzwa India, akaachwa huru, akarudi Unguja, na Kihindi alichokitoa huko ndicho walichoelewana nacho na Speke aliyekuwa mwanajeshi wa India. Baada ya Speke alimpeleka mwandishi wa habari Stanley kumtafuta mmisionari Livingstone, kisha akavuka bara na msafiri mwingine Mwingereza, Cameron. Speke anasimulia kwamba walipoufikia mto aliwaambia Wangwana wake, watu wa msafara kutoka Unguja, wanyoe vichwa waoge, kwa kuwa huu ndio mto mtakatifu, mto wa Musa. Bombay akamjibu kwamba wao hawayatazami mambo kwa njozi kama yeye. Wao wanaridhika na ya kila siku, mambo yakienda vibaya ni kwa mapenzi ya Mungu, na yakienda vizuri ni kwa mapenzi yake pia. Kila nikipita pale huwa najiuliza kwa nini jibu hili halipo kwenye hadithi za watalii. Lina ladha kuliko tarehe zote.

Tena, Speke aliondoka bila kuthibitisha chochote. Wenzake Ulaya walimbishia mpaka akafa mwaka 1864. Ilibidi Stanley alizunguke ziwa zima kwa mashua mwaka 1875 ndipo mabishano yakapoa.

"Pale maji yanapobubujika ndipo Nile inapozaliwa"

Kuna kisiwa kidogo chenye kibao, watu wote hupigia picha hapo. Karibu yake maji yanazunguka na kufura, na utaambiwa hiyo ni chemchemi. Wengine huongeza hesabu kabisa: eti theluthi ya mto inatoka chini ya ardhi.

Mto unatoka ziwani. Na ziwa, kwa sehemu kubwa sana, zaidi ya asilimia 80, linajazwa na mvua inayolinyeshea lenyewe. Maji mengine huletwa na mito, mkubwa kati yao Kagera, ambao matawi yake huanzia Rwanda na Burundi. Mrundi atakupeleka Rutovu akuonyeshe piramidi ndogo iliyojengwa mwaka 1938 kuashiria chanzo cha kusini kabisa. Mnyarwanda naye ana msitu wa Nyungwe. Kila mmoja ana hoja. Inategemea unapima kwa wingi wa maji au kwa umbali wa tawi. Jinja ni mlango wa ziwa, na mlango huo peke yake unatosha kuwa ajabu.

Mgeni mwingine huuliza, "Maporomoko yako wapi?" Yako chini ya kayaki yako. Hayakuwa marefu kama watu wanavyodhani: kwa kipimo cha Speke kimo chake hakikufika mita 4, ila upana ulikuwa mita 120 hadi 150. Waganda waliyaita "mawe" tu, na jina la mji wa Jinja linatokana na mawe hayohayo. Mwaka 1907 Winston Churchill alisimama hapo, na badala ya kushangaa akaanza kuota mitambo ya umeme. Ndoto ilitimia mwaka 1954, Malkia Elizabeth II alipofungua bwawa la Owen Falls, siku hizi Nalubaale, kilomita chache chini. Maji yakarudi nyuma yakapanda, mawe yakazama. Misri ilichangia gharama, ikamweka mhandisi wake palepale Jinja kuangalia maji yanayoachiwa.

"Mwambao huu haujawahi kukaliwa, ni pori la asili"

Ukitoka kidogo upande wa ziwa utaona visiwa na kingo za kijani, na mtu atakuambia pako hivyo tangu kuumbwa. Si hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliwaua watu zaidi ya 200,000 kuzunguka kaskazini mwa ziwa, na kusini mwa Busoga pamoja na visiwa vya Buvuma palipigwa vibaya. Kisha, kuanzia 1906, serikali ya kikoloni ikawahamisha kwa nguvu waliobaki ili kuwatenga na mbung'o. Mashamba yakageuka vichaka. Sehemu ya pori unalolipiga picha lilikuwa migomba ya mtu.

"Kayaki na makasia ni michezo ya Wazungu"

Kayaki ni ya Wainuiti wa nchi za barafu, walioishona kwa ngozi ya sili kwa ajili ya kuwinda. Wazungu nao waliazima. Na kwenye maji haya Waganda walikuwa na mitumbwi mirefu ya mbao zilizoshonwa pamoja, kama tulivyoshona majahazi ya mitepe kule Lamu. Stanley mwaka 1875 aliona mamia ya mitumbwi hiyo ya Mutesa ikienda kupigana na watu wa Buvuma. Sisi tukipiga kasia mara moja kwa mwezi tukapiga picha, tunajiona mabaharia.

"Gandhi amezikwa hapa"

Hapana. Baada ya kuuawa Januari 1948, majivu yake yaligawanywa yakamwagwa katika mito mbalimbali, na sehemu ikamwagwa hapa. Sanamu yake iliwekwa mwaka 1997.

"Twendeni tukaone maporomoko ya Bujagali"

Picha zake bado zimejaa mtandaoni: maji meupe, vijana wanaojitosa na kidumu kifuani kwa shilingi chache. Usiende kuyatafuta. Bwawa la Bujagali, la megawati 250, lilizinduliwa mwaka 2012, na sasa pale ni maji bapa kama sahani. Ndiyo maana panafaa sana kwa kayaki za matembezi, jambo linalonipa raha na aibu kwa wakati mmoja. Maporomoko ya Kalagala na Itanda, chini zaidi, bado yapo.

Lakini Bujagali haikuwa kivutio cha watalii tu. Kwa Wasoga ni makao ya mzimu Budhagaali, mwenye mwangalizi wake na matambiko yake. Kabla ya maji kupanda yalifanyika matambiko ya kuuhamisha, na ugomvi ukazuka: nani ana mamlaka ya kuuhamisha, na je, mzimu unahamishika kama mzigo? Wapo wazee ambao hawajakubali mpaka leo. Safari ya mwisho niliyofanya, mwongozaji wetu, kijana wa Kisoga aliyekuwa na mzaha tangu asubuhi, alifika katikati ya bwawa akaweka kasia mapajani na kunyamaza. Nasi tukanyamaza. Kayaki zikaelea polepole hadi zikagongana, ndipo akacheka, akasema turudi kabla upepo wa ziwani haujaamka.